Vitabu vya Mazoezi ya Uandishi kwa Shule ya Msingi: Mapitio Baada ya Mwaka Mmoja Darasani

Seti ninayoipitia hapa ina vitabu vinne vya mazoezi ya uandishi, kimoja kwa kila darasa kuanzia la tatu hadi la sita, pamoja na mwongozo wa mwalimu. Nimeitumia mwaka mzima katika darasa la nne lenye wanafunzi 38, na kitabu cha darasa la tatu nilikitumia pembeni kwa wachache ambao walikuwa bado wanahangaika kuikamilisha sentensi moja. Sitaitaja seti hii kwa jina, kwanza kwa sababu nina lawama nzito juu yake, na pili kwa sababu vitabu vya mpangilio huu ni vingi na vinafanana kwa uzuri na kwa kasoro. Ninachokusudia ni kwamba mwalimu au mzazi aliyekishika mkononi kitabu cha aina hii ajue afungue sehemu ipi kwanza na ipi airuke bila kujuta.

Nilikipima kila kitabu kwa swali moja: je, kinamrudisha mtoto kwenye maneno aliyoyaandika jana? Kwa miaka mingi nimefundisha insha kwa njia niliyofundishiwa mimi mwenyewe. Mwalimu huandika kichwa cha insha ubaoni, watoto huandika mpaka kengele ilie, madaftari hukusanywa, kalamu nyekundu hupita, alama hutolewa juu ya 20, na wiki inayofuata huja kichwa kingine. Mtoto anayelelewa hivyo hudhani kwamba insha ni kitu kinachotoka mara moja, kizuri au kibaya, na kwamba waliojaliwa wamejaliwa. Mnamo 1981 watafiti wa Marekani Linda Flower na John Hayes walieleza, baada ya kuwasikiliza waandishi wakisema kwa sauti yale wanayoyawaza wanapoandika, kwamba mwandishi hupanga, huandika na kupitia upya huku akienda mbele na kurudi nyuma, wala hatembei hatua moja baada ya nyingine kama anayepanda ngazi. Mtoto wa darasa la nne hawezi kuigundua njia hiyo peke yake ikiwa daftari lake hukusanywa kila anapofika kwenye nukta ya mwisho.

Katika jambo hili seti hii imefanya vizuri kuliko vitabu vyote nilivyowahi kuvitumia. Kila somo limegawanywa katika vipindi vinne: kuzungumza, kupanga, rasimu ya kwanza na rasimu ya pili. Ukurasa wa kushoto una mistari ya rasimu ya kwanza, na ukurasa wa kulia, unaoutazama ule wa kushoto, una mistari ya rasimu ya pili. Mpangilio huu mdogo wa karatasi una nguvu ya ajabu, kwa maana mtoto hawezi kusahau kwamba kazi haijaisha; nusu yake bado ni nyeupe mbele ya macho yake. Kati ya kurasa hizo mbili upo utepe mwembamba wenye maswali matatu tu: msomaji ataona nini, atasikia nini, na ni mahali gani atapotea?

Nitaeleza kilichotokea katika daftari moja. Msichana mmoja, mkimya, ambaye alama zake za insha hazijawahi kuvuka 9, aliandika upande wa kushoto hivi: "Siku moja nilipanda baiskeli. Baiskeli ilikuwa nzuri sana. Nilifurahi sana. Baiskeli iliharibika. Nilihuzunika sana." Nilikaa karibu yake, nikamwuliza baiskeli iliharibika vipi. Akanieleza kwa mdomo, kwa haraka na kwa ustadi, huku mikono ikisaidia. Nikamwambia ayaandike hayo hayo upande wa kulia. Siku ya pili nilikuta: "Nilikuwa nateremka mlima nikasikia kitu kinakwaruza. Mnyororo ulikuwa umechomoka na unaburuzika chini. Nilipoushika mikono yangu ikawa myeusi kwa grisi, nikaogopa kuigusa sare." Neno "sana" halimo hata mara moja, wala sikuwa nimemwambia alitoe. Lilikosa kazi, likaondoka lenyewe. Ukurasa huo niliuonyesha kwa walimu wenzangu bila kusema neno, nao wakaelewa.

Ukurasa wa tano wa mwongozo wa mwalimu una ushauri ambao ningependa kila mwalimu wa shule ya msingi ausome: mwalimu aandike rasimu yake mwenyewe ubaoni, mbele ya watoto, huku akisema kwa sauti anachokifikiri. Nilipofanya hivyo mara ya kwanza niliandika sentensi, nikaisoma, nikaikata, nikaandika nyingine, nikahamisha neno kutoka mwisho kulileta mwanzo. Darasa lilinyamaza. Kisha mvulana wa mstari wa mbele akauliza kwa upole, "Mwalimu, na wewe huwa unakosea?" Nikamjibu kwamba sijakosea, nilikuwa natafuta. Tangu siku hiyo mikato katika madaftari iliongezeka na vifutio vikatumika kidogo, jambo lililonifurahisha, kwani mtoto anayefuta huficha alichokiwaza, ilhali anayekata kwa mstari mmoja huniachia nione alitoka wapi.

Sehemu ya kuunganisha sentensi nayo ni bora, ingawa haikukamilishwa vizuri. Mtoto hupewa sentensi fupi fupi: Mvulana alikuwa akikimbia. Sakafu ilikuwa na maji. Mvulana aliteleza. Mvulana alianguka. Kisha huombwa azifanye moja. Darasa langu lilitoa majibu mengi, na mawili niliyaandika ubaoni: "Mvulana aliyekuwa akikimbia aliteleza na kuanguka kwa kuwa sakafu ilikuwa na maji," na "Sakafu ilikuwa na maji, hivyo mvulana aliyekuwa akikimbia akateleza, akaanguka." Tulibishana karibu kipindi kizima kuhusu tofauti ya sentensi hizo mbili, kwamba ya kwanza inamtazama mvulana na ya pili inaanza kwa kuitazama sakafu, na kwamba msomaji wa ile ya pili anaijua hatari kabla mvulana hajaifikia. Hayo ni mazungumzo ya waandishi, na yalifanywa na watoto wa miaka tisa na kumi. Kwa masikitiko, majibu yaliyochapishwa mwishoni mwa mwongozo yana sentensi moja tu kwa kila swali, kana kwamba nyingine zote ni makosa. Mwalimu mgeni katika kazi akiyafuata atawapa mkato watoto waliofikiri vyema zaidi. Ninawashauri wenzangu wasiitumie kabisa sehemu hiyo ya majibu.

Lipo pia suala la "halafu". Watoto wote huandika kama wanavyosimulia: "Nilifungua mlango halafu nikaingia halafu nikamwona paka halafu paka akakimbia." Kitabu cha darasa la nne kinawaagiza wabadilishe "halafu" kwa "kisha", "baadaye" au "hatimaye", na matokeo yake ni sentensi ile ile iliyovalishwa maneno mengine. Ukiitazama sentensi ya mtoto kwa makini, utaona kwamba dawa tayari imo ndani yake: kiambishi -ka- kinaifanya kazi ya "halafu" tangu mwanzo. Niliwaambia wakate kila "halafu" na wasome kinachobaki: "Nilifungua mlango, nikaingia, nikamwona paka, paka akakimbia." Walicheka kwa mshangao kwamba hakuna kilichopotea. Somo la -ka- waandishi wa seti wameliweka katika kitabu cha darasa la tano, wakati mtoto anakitumia kiambishi hicho tangu kabla hajaanza shule. Ninaamini kwamba seti hii ilipangwa kwa kufuata muundo wa vitabu vya lugha nyingine, na dalili nyingine ya jambo hilo ni mifano iliyojaa "mimi" na "yeye" mahali ambapo kiambishi cha nafsi kimeshasema yote: "Mimi ninapenda kusoma. Yeye anapenda kucheza." Mtoto haongei hivyo, ila huanza kuandika hivyo baada ya kuisoma mifano hiyo kwa miezi miwili.

Kuhusu tahajia sina la kulalamikia. Maandishi ya Kiswahili yanaifuata sauti kwa ukaribu, kwa hiyo mtoto akishazijua herufi na silabi, makosa yake mengi huhamia kwenye mipaka ya maneno na kwenye sauti zilizo jirani kinywani mwake. Waandishi wa seti hii wanalijua hilo. Kuna kurasa nzuri za kutenganisha na kuunganisha, ambamo mtoto husahihisha "alipo kuja", "nita kwenda", "kwasababu" na "kwahiyo", na kurasa nyingine za jozi zinazobadilisha maana, kama "kula" na "kura", "mahali" na "mahari", "thamani" na "samani". Alama ya ritifaa katika "ng'ombe" imepewa nafasi yake. Mazoezi ni mafupi, huja kidogo kidogo kila somo, na imla zake zimeandikwa kwa sentensi zenye maana badala ya orodha za maneno.

Sasa nifike kwenye lawama yangu kubwa. Mwishoni mwa kila kitabu kuna kurasa tisa za misemo, tashibihi na methali, zilizopewa nafasi ya heshima na rangi nzuri, na mwongozo unamwelekeza mwalimu awakaririshe watoto misemo mitano kila wiki kisha awatuze kwa kila msemo wanaoutumia. Nilitii kwa wiki tatu. Wiki ya nne niliwapa kichwa "Siku Niliyochelewa", nikasahihisha insha 38, na 23 kati ya hizo zilifunguliwa kwa jua lililokuwa limechomoza na ndege waliokuwa wakiimba kwa furaha. Mmoja aliyechelewa kwa sababu ya dhoruba iliyoanza usiku na kuendelea hadi mchana naye alianza kwa jua na ndege, kisha katika aya ya pili mvua ikawa inanyesha tangu jana yake. Nilipomwuliza, alinijibu kwa uaminifu kwamba insha nzuri huanza hivyo. Wote walikimbia kama mshale. Wote walikuwa kimya kama maji mtungini. Hakuna hata mmoja aliyenieleza kilichomchelewesha kwa namna ambayo ningeweza kukiona.

Sizidharau methali wala misemo. Ni mali yetu, na mtoto aliyeisikia methali ikisemwa mahali pake, na mtu mzima anayemaanisha anachokisema, ataitumia mahali pake. Tatizo ni kuzikariri kutoka kwenye orodha ili kupata alama, kwa sababu hapo mtoto huacha kutazama. Anachokitafuta ni pengo la kuchomekea msemo, na kile alichokiona kwa macho yake mwenyewe hakipati nafasi. Nilizifunga kurasa zile kwa kibanio cha karatasi, nikawaomba watoto waandike sentensi moja tu ya kitu walichokisikia asubuhi hiyo kabla hawajafungua macho. Mmoja aliandika, "Nilisikia kandambili za dada zikiburuzwa sakafuni, nikajua amekasirika." Kurasa tisa za rangi hazikuwahi kunipatia sentensi kama hiyo. Nilipozifungua tena muhula wa tatu, nilizitumia kwa mazungumzo tu: tulichagua methali moja, tukasimuliana mambo yaliyotupata ambayo methali hiyo ingeyafaa, na hakuna aliyelazimishwa kuiandika.

Sehemu za sarufi ni za kawaida, nazo ni nyingi kupita kiasi. Mtoto hujaza nafasi zilizoachwa wazi, "Kiti ____ (vunjika)", hupata 10 juu ya 10, na jioni hiyo hiyo huandika katika insha yake "viti zimevunjika". Mwaka 2007 Steve Graham na Dolores Perin walikusanya matokeo ya tafiti nyingi za ufundishaji wa uandishi kwa wanafunzi kuanzia darasa la nne, wakaona kwamba kufundisha sarufi peke yake, mbali na maandishi ya mwanafunzi mwenyewe, hakukuboresha uandishi, ilhali kufundisha namna ya kupanga na kurekebisha, kuwaandikisha wanafunzi kwa kushirikiana na kuwazoeza kuunganisha sentensi kuliuboresha. Mwaka mmoja darasani umenionyesha jambo lile lile kwa macho yangu. Upatanisho wa ngeli hauwezi kuachwa katika lugha yetu, lakini niligundua kwamba sentensi tano zilizotolewa kwenye rasimu za watoto, zikaandikwa ubaoni bila majina na kurekebishwa na darasa zima, zinafanya kazi kubwa kuliko kurasa tatu za kujaza nafasi. Kurasa hizo niliziruka karibu zote, na sikuona hasara.

Zoezi la kusomeana ndilo lililonishangaza. Sikulitegemea, kwa kuwa nilidhani watoto watacheka makosa ya wenzao. Kitabu kinampa msomaji kadi yenye mambo mawili tu ya kusema: sehemu aliyoipenda, na swali moja kuhusu jambo ambalo angependa kulijua zaidi. Haruhusiwi kusahihisha herufi. Mvulana mmoja aliandika kuhusu mbwa wao aliyepotea siku mbili, akamalizia kwa "akarudi". Mwenzake akamwuliza, "Alirudi na hali gani?" Mwenye insha alifikiri kwa muda mrefu, kisha akaongeza kwamba mbwa alikuwa na kamba ya mtu mwingine shingoni. Swali hilo mimi sikuliuliza. Nilikuwa nimeshaipitia insha ile nikaweka vema.

Mpango wa kusahihisha uliomo katika mwongozo unahitaji kuandikwa upya. Kati ya alama 20, hati ina 4, tahajia 5, sarufi 5, mtindo 3 na maudhui 3. Kwa hesabu hiyo mtoto asiye na chochote cha kusema, ila ana mwandiko mzuri na hakosei herufi, humzidi yule wa baiskeli. Halafu vipindi vinne vyote vya kuzungumza, kupanga na kuandika upya havina alama hata moja, na watoto ni wepisi kutambua kisichohesabiwa. Niliuacha mpango huo mwezi wa pili. Badala yake nilipigia mstari sentensi moja iliyonigusa, nikauliza swali moja pembeni, na nikachagua kosa la aina moja tu la kurekebisha katika rasimu ya pili. Alama nilitoa mwishoni mwa muhula, kwa insha ambayo mtoto mwenyewe ameichagua.

Muda ni kikwazo ambacho seti haikukikabili kwa uwazi. Mwongozo unakadiria vipindi viwili kwa wiki, maana yake ni kwamba somo moja la vipindi vinne hukamilika baada ya majuma mawili, na moto wa mazungumzo ya siku ya kwanza huwa umepoa siku ya rasimu ya pili. Mwongozo uliotolewa mwaka 2012 na Taasisi ya Sayansi ya Elimu ya Marekani kuhusu uandishi katika shule ya msingi unapendekeza saa moja kila siku kuanzia darasa la kwanza, ikijumuisha kufundishwa na kuandika. Saa hiyo sina, na walimu wengi hawana. Nilichofanya ni kutoa dakika kumi katika masomo mengine: baada ya sayansi watoto waliandika walichokiona mche ulipochipua, na baada ya hisabati walieleza kwa sentensi walivyolipata jibu. Ningependa waandishi wa seti waweke kurasa za maandishi mafupi ya aina hiyo, kwa kuwa nafasi wameshajipatia wakizipunguza kurasa za kujaza nafasi.

Kuhusu utengenezaji wa vitabu vyenyewe nitasema machache. Karatasi ni nyepesi, na wino wa kalamu huonekana upande wa pili, kwa hiyo tulitumia penseli mwaka wote. Kitabu cha darasa la tatu kina mistari minne inayosaidia urefu wa herufi, nayo imechapwa kwa rangi hafifu ambayo mtoto aliyekaa mbali na dirisha huipata kwa shida. Mishono imedumu. Picha ni chache na zimechorwa kwa kiasi, jambo ninalolipendelea, kwani picha inayoonyesha kila kitu humwachia mtoto kazi ya kunakili tu.

Kwa mzazi anayetaka kumsaidia mtoto mmoja nyumbani, ninapendekeza kitabu cha darasa la nne pekee, hata kama mtoto yuko la tano, kwa sababu ndicho chenye masomo bora ya rasimu mbili na kadi za kusomeana, na mzazi anaweza kuwa msomaji. Kwa mwalimu, mwongozo unastahili kununuliwa kwa ajili ya ukurasa wa tano na sehemu ya kusomeana, hata asipowanunulia watoto vitabu, kwa maana daftari lolote la kawaida likifunguliwa huwa na ukurasa wa kushoto na wa kulia. Kitabu cha darasa la sita sikipendekezi: theluthi nzima yake ni insha za mfano zilizokwisha kuandikwa, na nafasi ya rasimu ya pili imeondolewa kabisa.

Muhula ujao nitaendelea na vitabu nilivyo navyo. Kibanio cha karatasi kitabaki kwenye zile kurasa tisa, na yule msichana wa baiskeli ameniomba ukurasa wa ziada, kwa sababu anasema hajamaliza kueleza alivyofika nyumbani.